MRI na Parkinson inayoanza: inaona nini, na inaharibikia wapi

"MRI ya mzee imetoka safi. Sasa daktari anasemaje ni Parkinson?" Swali hili hulisikia kila anayefanya kazi ya picha za ubongo hapa Mombasa, na mara nyingi linaulizwa kwa hasira kidogo, maana kipimo chenyewe si cha bei rahisi. Jibu ni kwamba MRI ya kawaida, yaani picha zinazopigwa kwa sumaku, inatafuta vitu vingine: kiharusi, uvimbe, damu iliyovuja, maji yaliyojaa kwenye vyumba vya ubongo. Parkinson inayoanza haiachi alama kwenye picha hizo. Daktari aliyeona mwendo umekuwa mzito, mkono unatetemeka ukiwa umepumzika na viungo vimekaza, hajakosea hata kidogo. Vigezo vya kimataifa vya 2015 vinaanza na uzito wa mwendo, kisha mtetemeko au kukakamaa, na MRI haimo katika vinavyothibitisha ugonjwa.

Zipo hata hivyo aina za MRI zinazoona mabadiliko ya mapema. Ninavyoona mimi, kinachotenganisha picha yenye maana na picha ya bure ni mambo madogo ya kazi: pembe ya tabaka (vipande vyembamba ambavyo mtambo unaukatia ubongo kwenye picha), saa ya dozi ya dawa, na data inayotupwa na mtambo bila mtu kujua.

Substansia nigra ni ukanda mwembamba kwenye ubongo wa kati, mmoja kulia na mmoja kushoto, unene wake milimita chache tu. Seli zake hutengeneza dopamini, na ndani yake hukusanyika neuromelanini, ile rangi nyeusi inayoupa ukanda jina lake. Katika Parkinson, protini ya alfa-sinukleini hugandamana ndani ya seli hizo na seli zinakufa, kwa kawaida upande mmoja ukitangulia, na sehemu ya nyuma na ya nje ya ukanda ikiumia kabla ya nyingine. Mkono unapoanza kutetemeka, seli nyingi zimeshakwenda. Makadirio mengi yanasema karibu nusu. Kabla ya hapo hupita miaka ambayo mtu hanusi tena udi unaofukizwa chumba cha pili, choo kinakuwa kigumu, na usiku anapiga mateke na kupayuka akiota mpaka mkewe anahama kitanda.

Mambo matatu yanayotokea pale MRI inaweza kuyashika. Neuromelanini inapungua, madini ya chuma yanaongezeka, na maji yanapata nafasi zaidi kati ya seli zilizobaki. Kila jambo lina upigaji wake, na upigaji mmoja haufanyi kazi ya mwingine.

Mkia wa mbayuwayu

Ndani ya substansia nigra kuna vishada vya seli za dopamini viitwavyo nigrosomu. Kikubwa zaidi, nigrosomu-1, kiko theluthi ya nyuma ya ukanda, na ndicho kinachoumia sana. Kina chuma kidogo kuliko tishu inayokizunguka. Kwenye SWI, picha inayohisi vitu vinavyovuruga usumaku, chuma huonekana cheusi, kwa hiyo mtu mwenye afya ana mstari mweupe uliobanwa na weusi pande mbili, umbo la mkia wa mbayuwayu ulioachana. Kwa mwenye Parkinson weupe ule unazibwa na mkia unakuwa kipande kimoja cheusi. Alama hii ilielezwa kwenye mitambo ya tesla 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) mwaka 2014, baada ya nigrosomu kuonekana kwenye tesla 7.

Tafiti nyingi zinaipa usahihi wa zaidi ya asilimia 90 katika kutenganisha wagonjwa na watu wenye afya. Namba hiyo imetoka hasa kwa watu ambao ugonjwa wao tayari ulijulikana na picha zao zilisomwa na macho yaliyozoea. Ukiipeleka moja kwa moja kwa mtu asiye na dalili, unajidanganya.

Sasa upigaji wake. SWI inayopigwa kila siku kutafuta damu iliyovuja huwa na tabaka za milimita 2 au zaidi. Kwa unene huo, weupe wa nigrosomu unachanganyika na weusi wa jirani ndani ya tabaka moja na alama inapotea hata kwa kijana wa miaka ishirini. Hili ndilo kosa linaloongoza. Unahitaji picha ya 3D yenye tabaka za milimita 1 au pungufu, na vokseli (chembe ndogo zinazounda picha) za kama milimita 0.5 hadi 0.7 ndani ya tabaka. Kwa tesla 3, TE (muda wa kungoja mwangwi wa ishara) ya milisekunde 20 hivi inatosha. Muda ni dakika nne hadi sita, kulingana na mtambo.

Pembe ndiyo ya pili. Radiografa aliyezoea ubongo huweka tabaka kwa mstari wa kawaida unaounganisha komisura ya mbele na ya nyuma (vifungu viwili vya nyuzi za neva katikati ya ubongo), na hafanyi vibaya kwa kazi nyingine zote. Hapa chukua picha ya ubavuni, utazame shina la ubongo wa kati linavyolala, kisha ulikate kwa pembe mraba. Anzia komisura ya nyuma na ushuke hadi juu ya ponsi, sehemu ya shina iliyo chini ya ubongo wa kati. Hakikisha pia kichwa hakijainama upande mmoja. Kikiinama, tabaka moja linapita nigrosomu ya kulia na kuikosa ya kushoto, halafu ripoti inaandika kwamba upande mmoja umeharibika.

La tatu ni upande wa usimbaji wa fezi, yaani mwelekeo ambao mtambo unautumia kupanga ishara, na ambao vivuli vya mwendo huufuata. Ukiuacha mbele kwenda nyuma, mwendo wa macho na mapigo ya mshipa mkubwa ulio mbele ya shina la ubongo yatamwaga vivuli vya uongo juu ya ubongo wa kati. Ugeuze uwe kulia kwenda kushoto. Muda utaongezeka kidogo, lakini picha itasomeka.

Unaposoma, tafuta tabaka zilizo mwisho wa chini wa kiini chekundu (kifundo cha seli kilicho jirani na substansia nigra) na zile zinazofuata chini yake. Kuza picha, punguza mwanga wa dirisha, soma kila upande peke yake. Majibu yawe matatu: ipo, haipo, haisomeki. Hilo la tatu wengi hulikwepa kwa sababu mgonjwa amelipa na anataka jibu, kisha picha iliyotikisika inaandikwa "haipo" na mtu anarudi Kisauni na ugonjwa ambao hana.

Kwenye tesla 1.5 mimi singeitegemea alama hii. Wapo wanaojaribu, na mara mojamoja inaonekana vizuri, lakini ikikosekana hujui kama imepotea kwenye ubongo au kwenye mtambo.

Neuromelanini

Hapa unatafuta mwanga. Neuromelanini iliyoshika chuma hung'aa kwenye picha za T1 (aina mojawapo ya picha za MRI) zilizopangwa maalumu, jambo lililoonyeshwa kwenye tesla 3 mwaka 2006. Substansia nigra inatokea kama ukanda mweupe, na chini yake, kwenye ponsi, lokusi seruleasi, vishada vingine vya seli zenye neuromelanini, kama nukta mbili ndogo. Kwa mwenye Parkinson ukanda unafifia na kufupika kuanzia nje na nyuma, zaidi upande ulio kinyume na mkono ulioanza kutetemeka.

Mpangilio unaotumika sana ni T1 ya 2D yenye mapigo ya kuhamisha usumaku, yanayonyamazisha tishu ya jirani ili ukanda uonekane. Tabaka ni milimita 2.5 hadi 3 bila nafasi katikati, vokseli za kama milimita 0.4 hadi 0.5, na kipimo kinarudiwa mara tano hadi nane kisha wastani unachukuliwa. Jumla ni dakika nane hadi kumi na mbili, na tatizo liko hapo hapo: dakika kumi ni nyingi kwa mtu anayetetemeka. Hifadhi kila marudio peke yake badala ya kuuachia mtambo uyajumlishe. Marudio mawili yakiharibika, unayatoa na kujumlisha yaliyobaki.

Kipimo chenyewe ni uwiano: mwanga wa substansia nigra toa mwanga wa mguu wa ubongo ulio mbele yake, gawa kwa mwanga wa mguu huo. Namba inayotoka ina maana tu ukiilinganisha na watu wa rika moja waliopigwa kwenye mtambo huo huo. Neuromelanini huongezeka toka ujanani hadi umri wa kati, kisha hupungua uzeeni hata kwa wenye afya, kwa hiyo mwenye miaka 30 na mwenye miaka 75 wanaweza kufanana bila yeyote kuumwa. Kituo kinachotaka kuanza kazi hii kipige kwanza picha za watu wenye afya, kwa vikundi vya umri, kabla ya kuandika ripoti ya mgonjwa hata mmoja. Kazi hiyo inachosha, lakini haina njia ya mkato, na programu ya akili bandia iliyofundishwa kwa picha za ng'ambo haiiondoi.

Jambo moja kwa mafundi wa kuchomelea vyuma, ambao mji wa bandari hauwakosi: moshi wa kuchomelea una manganizi, na manganizi nayo hung'aa kwenye T1, hasa kwenye globasi palidasi, kiini kilicho ndani kabisa ya ubongo. Ini lililoharibika hufanya vivyo hivyo. Ukiona mwanga wa pale, uliza kazi ya mtu na hali ya ini lake kabla ya kusema lolote kuhusu Parkinson.

Chuma, na data inayotupwa

QSM hupima chuma kwa namba badala ya kukitazama kwa jicho. Unapiga mwangwi mwingi katika upigaji mmoja, kuanzia milisekunde 5 hivi hadi 30 na kitu, vokseli za milimita 1 au chini, dakika sita hadi nane. Kila mwangwi una picha mbili: ya nguvu ya mawimbi na ya fezi, yaani mawimbi yamefika wapi katika mzunguko wao. Hesabu yote ya QSM iko kwenye fezi.

Mitambo mingi, ilivyowekwa na fundi wa kampuni siku ya kwanza, haihifadhi fezi. Mingine huihifadhi ikiwa imeshachujwa kwa ajili ya SWI, na fezi iliyochujwa haifai kwa QSM, kwa sababu mchujo umeshaondoa sehemu ya ishara unayoitafuta. Mgonjwa akishatoka mezani, data hiyo hairudi. Ingia kwenye mpangilio wa kujenga picha, washa nguvu na fezi, zima mchujo, kisha jaribu kwa chupa ya maji kabla ya mtu.

Baada ya hapo ni kazi ya kompyuta: kuifungua fezi iliyojikunja, kuondoa uga unaotoka nje ya ubongo, na kugeuza uga kuwa ramani. Programu za bure zipo na zinafanya kazi vizuri. Dosari ya kawaida ni michirizi inayotoka kwenye mishipa au kwenye hewa ya mifupa ya pua. Namba pia hubadilika kulingana na sehemu uliyoichagua kuwa sifuri, iwe maji ya ubongo au ubongo wote, kwa hiyo iandike kwenye ripoti. Chuma huongezeka na umri pia.

Maji huru, yaani yale yaliyopata nafasi kati ya seli, ni njia ya nne, nami nitaipitia haraka. Unapiga MRI ya usambaaji, inayopima maji yanavyosogea, vokseli za milimita 2, mielekeo 30 hadi 64, na picha chache zenye usimbaji uliogeuzwa ili kunyoosha upotofu. Bila hizo za kugeuza, ubongo wa kati unavutwa na sehemu ya nyuma ya nigra haikai mahali pake. Uzuri wa njia hii ni kwamba kwa wenye Parkinson maji huru ya sehemu hiyo hupanda mwaka hadi mwaka, kwa hiyo inafaa kufuatilia. Katika magonjwa yanayofanana na Parkinson, kama PSP, ongezeko husambaa hadi sehemu nyingine za ubongo.

Kumtayarisha mgonjwa

Tesla 3 na koili (antena inayozunguka kichwa) ya chaneli 64 hazisaidii kitu mgonjwa akisogea. Mtetemeko wa Parkinson una mapigo manne hadi sita kwa sekunde. Hata ukiwa mkononi, unapitia bega na kufika kichwani. Kwa hiyo panga saa ya picha kwa saa ya dawa. Picha hizi hazihitaji mtu aache levodopa, dawa kuu ya Parkinson. Mpe miadi ya dakika 45 hadi 60 baada ya dozi. Ila wapo ambao dozi ikifika kileleni mwili unacheza wenyewe, kwa hiyo waulize wa nyumbani: "Mzee hutulia saa ngapi?" Mke au binti anajua kuliko fomu.

Ramadhani ina hesabu yake. Aliyefunga kwa idhini ya daktari wake amemeza dozi ya mwisho wakati wa daku. Ukimpa miadi ya saa nane mchana utampata amekaza kama ubao. Mpe saa mbili asubuhi, au usiku baada ya futari.

Chuma mwilini kwa watu wetu kina mahali pake pa kujificha. Pini za mtandio, na sio moja: hesabu zilizoingia, hesabu zilizotoka. Kipini cha puani. Shanga za kiunoni zilizotungwa kwa waya. Hirizi iliyofungwa mkononi kwa kitambaa, ambayo ndani huwa na kifuko cha bati. Omba kwa heshima, ikabidhiwe kwa wa nyumbani. Wanja wa dukani unaweza kuwa na oksidi ya chuma, hivyo uoshwe, kwa sababu huchafua picha na unaweza kupasha joto kope. Nywele za bandia zenye klipu zitolewe. Jino la dhahabu halina shida sana. Daraja la meno la madini mengine ndilo linalovuruga. Betri ya moyo, au kifaa cha umeme cha ubongoni kwa aliyeshafanyiwa upasuaji wa Parkinson, visiingie mpaka kadi ya kifaa isomwe.

Aende msalani kabla, maana kibofu cha wagonjwa hawa hakisubiri. Weka mto chini ya magoti, na sponji pande zote za kichwa hadi kisitikisike. Aliyepinda shingo hatalala tambarare. Inua mabega kwa taulo badala ya kulazimisha kichwa kwenye koili. Mate hujaa mdomoni akilala chali, kwa hiyo mwambie: "Mzee, meza mate mtambo ukinyamaza, ukilia tulia." Viganja visigusane, na ngozi ikaushwe jasho, kwa kuwa mapigo ya kuhamisha usumaku yanaongeza joto mwilini. Mkimaliza, mkalishe ukingoni mwa meza dakika mbili tatu kabla hajasimama. Presha yao hushuka ghafla na huanguka.

Mpangilio wa upigaji nao una maana. Anza na nigrosomu mara baada ya picha ya kutafuta mahali, kisha neuromelanini, na FLAIR na T2, zile picha za kawaida za ubongo, zije mwisho kwa upigaji wa haraka, kwa kuwa zinavumilia kutikisika. Jumla dakika 35 hadi 45.

Kuhusu mtambo wenyewe: unyevu wa pwani na chumvi ya hewani hula vipoza vilivyo nje, na unyevu chumbani ukizidi asilimia 60 koili zinaanza kusumbua. Stima ikikatika katikati ya upigaji, upigaji huo umekufa, ila sumaku bado inafanya kazi. Mlinzi asiingie na mtungi wa chuma wa kuzimia moto akidhani kumezimika.

Swali linalofaa kuulizwa

Mkia wa mbayuwayu ukipotea, hausemi ni Parkinson. Unapotea pia katika PSP na katika MSA, ugonjwa mwingine unaofanana na Parkinson, na wazee wachache wenye afya hawana. Kwa kutenganisha PSP kuna kipimo cha kale kidogo, cha 2008, kinachopigika hata kwenye tesla 1.5: gawa eneo la ponsi kwa eneo la ubongo wa kati, gawa upana wa miguu ya kati ya serebela (ubongo mdogo wa nyuma) kwa upana wa miguu ya juu, kisha zidisha majibu mawili. Waliokigundua waliweka mpaka kwenye 13.55, juu ya hapo fikiria PSP.

Thamani kubwa naiona mkia unapokuwepo. Mtu ametumia dawa za magonjwa ya akili kama haloperidoli, au flufenazini ya sindano, au metoklopramidi ya kuzuia kutapika, au sinarizini ya kizunguzungu kwa miezi, naye anatetemeka na kukaza mfano halisi wa Parkinson. Nigrosomu zikiwa zimesimama pande zote mbili, uwezekano mkubwa ni dawa, na daktari ana sababu ya kuibadilisha kabla ya kuanza levodopa. Vivyo hivyo kwa mtetemeko unaotokea mkono unaposhika kikombe cha kahawa, ambao mara nyingi uko kwenye ukoo. Kipimo cha nyuklia kinachofanya kazi hiyo, DaTscan, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2011, kinatumia iodini-123, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila saa 13, hivyo safari yake kutoka kiwandani hadi kwa mgonjwa ni mbio. MRI haina mbio hizo.

Na kwa mwenye presha na sukari ya miaka mingi ambaye miguu ndiyo inayoburuta, mikono ikiwa mizuri, anza na MRI ya kawaida. Viharusi vidogo vidogo ndani ya ubongo vinatoa sura hiyo, na FLAIR itavionyesha bila haja ya lolote kati ya haya.

Daktari anayeandika fomu aandike zaidi ya "ubongo, Parkinson": upande ulioanza, mwaka ulioanza, dawa zote za miaka miwili iliyopita, na swali lenyewe, kwa mfano "dawa au Parkinson?" Mgonjwa naye aombe CD yenye picha zote, pamoja na za fezi, kwa kuwa filamu za kutundika ukutani hazipimiki. Picha ya kufuatilia ipigwe baada ya mwaka, kwenye mtambo ule ule, koili ile ile na toleo lile lile la programu. Kimoja kikibadilika, namba za mwaka jana zisilinganishwe na za mwaka huu.